Kiapo cha Maji Kinywani

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Zena binti Mhina, wa Kwembago, mwaka ule mto ulipobeba daraja nasi tukakwama nyumbani kwake tukingoja maji yapungue. Aliisimulia jikoni, akichambua kunde. Inatolewa hapa kama alivyoitoa: alipotua inatua, alipocheka inacheka.

Hadithi naileta!

— Ilete, tumekaa!

Ina kweli ndani?

— Kweli iwe chumvi!

Ina uwongo ndani?

— Uwongo uwe mboga!

Basi fungueni masikio, fungeni vinywa. Mkiweza.

Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi zetu waliikuta imekaa mlangoni, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Wanaume walilima. Wanawake walifinyanga. Na mwaka ambao jembe halikuleta kitu, chungu kilileta. Kilipandishwa kilimani kwa watu wenye mahindi, kikarudi kimegeuka unga.

Udongo wao ulitoka katika shimo moja, na shimo lile lilikuwa na mwenyewe. Aliitwa Mwenye Shimo. Mzee au kijana, mwanamume au mwanamke, hapana aliyejua. Lililojulikana ni moja: hapendi maneno. Mwanamke akiingia shimoni na neno la mwenziwe moyoni, vyungu hupasuka motoni.

Kwa hiyo walikuwa na desturi. Kabla ya kuchimba, kila mwanamke alichukua funda la maji, akalitema ukingoni, akasema, "Sina neno na mtu." Anatema huyu: "Sina neno na mtu." Anatema yule: "Sina neno na mtu." Anatema wa mwisho: "Sina neno na mtu." Ndipo wanashuka.

Na wakishashuka? Ah, jamaa zangu! Mnawajua watu. Wakishashuka, ndipo maneno yanapoanza. Nani kaunguza wali wa mkwewe. Nani kaongeza kanga mpya na mumewe hajauza kitu. Mikono inakanda udongo, vinywa vinakanda watu.

Mbele kabisa katika kukanda watu alikuwa Semeni. Msimchukie upesi. Penye msiba Semeni alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Penye mgonjwa alileta uji, akafagia, akafua. Ila alipotoka alibeba vitu viwili: bakuli lake, na habari zako. Mkono wake ulikuwa mwema. Ulimi wake haukuwa na mfupa.

Semeni alikuwa na kaka, Mhina. Mhina alikuwa na mke, Mwantumu, aliyeolewa kutoka mbali. Na Mwantumu ndiye mwenye hadithi.

Mwantumu alishika mimba, akaitangaza kwa furaha, ikaharibika. Akashika ya pili, akaitangaza kwa hofu, ikaharibika. Akaenda kwao, akalia mapajani pa bibi yake. Bibi akamwambia:

"Ya tatu usiiseme. Usimwambie mume, usimwambie mwezi. Tumbo lijiseme lenyewe."

Mwantumu aliamini. Nani asingeamini, aliyezika matumaini mara mbili? Ya tatu ilipokuja, akafunga kinywa.

Siku moja, jua la utosi, akaenda shimoni peke yake kuchukua udongo aliousahau. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimebomoa upande wa zamani, wanawake wakafungua upande mpya. Harufu ya udongo ule mbichi ikampanda kichwani. Akapiga magoti, akatapika. Akafukia kwa mikono yake. Akanong'ona, "Ee Mola, huyu niachie." Akainuka, akaenda zake.

Juu njiani anapita nani? Semeni, na mzigo wa kuni kichwani. Aliona nini? Mgongo. Mgongo tu.

Wakafinyanga, wakakausha, wakachoma. Motoni vikasikika: pa! Vikasikika tena: pa! pa! Walipofukua majivu, robo ya vyungu ilikuwa vigae.

Kesho yake kisimani, Semeni akasema, "Mimi sisemi kitu. Ila nilimwona wifi yangu shimoni, peke yake, mchana."

Aliyesikia akampelekea mwingine: "Alikuwa ameinama, anafukia kitu."

Huyo akampelekea wa tatu: "Alifukia hirizi. Wanazo hizo kwao, huko mbali."

Neno likazunguka kijiji, likapitia mashambani, likarudi kisimani, likamkuta Semeni palepale alipolitoa. "Umesikia, shoga? Wifi yako kafukia hirizi!"

Semeni akashika kifua. "Hirizi! Si nilijua mimi!"

Mnacheka? Chekeni. Lakini yeye hakuwa anadanganya. Neno lake mwenyewe lilimrudia limevaa nguo nyingine, akaliamkia kama mgeni.

Tangu hapo wanawake wakajitenga na Mwantumu. Akifika kukanda, wanasogea. Akisalimu, wanaitikia kwa pua. Akaenda kukaa na udongo wake upande wa pili, hana wa kusema naye, macho yake chini, vidole vyake udongoni. Kijiwe kikimchoma kidole, anakitoa, anakitupa. Kingine, anakitupa. Hakuwaza kitu juu ya vijiwe. Aliwaza juu ya tumbo.

Wakachoma mara ya pili. Pa! Pa! Pa! Nusu ya vyungu vikafa. Ila vya Mwantumu havikupasuka hata kimoja.

Sasa niambieni, hiyo ni heri au ni balaa?

"Mnaona?" akasema Semeni. "Vyetu vinakufa, vyake vinacheka. Lisemwalo lipo. Na kama halipo..."

"Laja!" wakaitikia wote.

Mwalimu wa chuo akazisikia habari. Alikuwa mtu mpole. Katika darsa la wanawake akasema, "Jamani, kusengenya ni kama kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Mwenyezi Mungu anasikia lisemwalo chini ya kanga." Wanawake wakalia. Wengine walilia machozi kweli. Na njiani, kabla hawajafika kwenye mwembe wa kwanza, wakaanza:

"Lakini mwenzangu, Mwalimu alikuwa anamsema nani?"

"Si anajulikana."

"Nani?"

"Ah, mimi simo. Lete sikio."

Nyumbani, Mhina alikula kimya. Alikuwa mume mwema, lakini hata mwema ana masikio.

"Mke wangu."

"Bee."

"Kule shimoni ulifukia nini?"

Mwantumu akamtazama. Neno lilimfika kwenye meno. Angelisema, angesafika kwa mumewe saa ileile. Lakini akamwona bibi yake: tumbo lijiseme lenyewe.

"Sikufukia cha kumdhuru mtu."

"Kwa hiyo ulifukia kitu."

"Mhina, unanijua au hunijui?"

Mhina akanawa mikono. "Nakujua. Lakini watu wote hawawezi kuwa waongo."

Neno hilo, jamaa zangu, lilimuuma kuliko hirizi. Mwantumu akatoka nje akakaa kwenye lundo la vigae. Wenyewe tunasema mfinyanzi hulia gaeni. Siku ile mfinyanzi alilia juu ya magae. Akaokota kigae kimoja, akakigeuza. Penye ufa palikuwa na doa jeupe. Akaokota cha pili. Doa jeupe. Akaokota cha tatu. Ufa umetawanyika kama miguu ya buibui, na katikati yake kijiwe cheupe kimefura, kinamomonyoka kama unga.

Akakumbuka vidole vyake upande ule wa pili, akiwa peke yake, akitoa na kutupa.

Akaenda mbio hadi kisimani. "Jamani, si hirizi! Ni vijiwe! Upande mpya wa shimo una vijiwe vya chokaa. Vikipata moto vinafura. Kandeni polepole, vitoeni."

Wakamtazama. Mmoja akasema, "Shimo ni la bibi zetu. Vijiwe vimeanza kwako?"

Mwingine akasema, "Mwizi humwonyesha mwenye nyumba mlango mwingine."

Mshitakiwa akinyamaza, ana siri. Akisema kweli, ni mjanja. Mwantumu akarudi nyumbani na ndoo tupu.

Mkuu wa shimo alikuwa Binti Jaha, bibi aliyefinyanga tangu kabla ya meno yake ya pili, na sasa yalikuwa yamekwenda yote. Akawaita wanawake uwanjani kwake.

"Akiba ya unga imekwisha," akasema. "Kuna uchomaji mmoja kabla watu wa kilimani hawajafunga maghala yao. Ukiharibika, watoto watalala na maji. Mwantumu, unasemwa. Ule kiapo. Vyungu vikitoka salama, aliyekusema atakuomba radhi. Vikipasuka, utarudi kwenu, na Mhina hatakufuata."

Mwantumu akawaza. Arudi kwao? Safari ya milima miwili, na hali ile? Na mtoto, akijaliwa kuzaliwa, azaliwe bila baba, na jina la hirizi?

Lakini pale palikuwa na desturi nyingine, ya zamani kuliko maji ya ukingoni: anayesemwa ndiye achaguaye kiapo.

"Bibi," akasema, "nachagua maji."

"Maji ya namna gani?"

"Funda lile lile tunalotema. Ila siku hiyo tusiliteme. Kila mwanamke alishike kinywani, tangu udongo unapowekwa chini hadi unapokandika. Mimi pia. Mwenye moyo safi yatamkaa. Mwenye neno baya, ama atayamwaga, ama atayameza. Atakayeyameza amemeza kiapo."

Semeni akacheka. "Maji tu? Wifi yangu, kumbe unatafuta njia rahisi! Leta hata mtungi mzima."

Binti Jaha akamtazama Mwantumu kwa muda. Halafu akaitikia kwa kichwa, polepole: iwe.

Siku ikafika. Mwantumu akaja na mtungi. Akagawa kwa kata: funda kwako, funda kwako, funda kwako. Maji yalikuwa na uchachu kidogo. Kila aliyeonja alijua: hayo si maji ya bure.

Wakakaa. Wakaanza kukanda.

Jamaa zangu, nimesema walikuwa wafinyanzi tangu bibi zao. Lakini siku ile ndipo walipousikia udongo kwa mara ya kwanza. Unalia chwa, chwa. Unavuta, unaachia. Ndege walisikika. Jogoo wa mbali alisikika. Mwanamke mmoja akamwona mwenziwe ana kanga mpya. Macho yakamtoka, mashavu yakafura, neno likapanda likagonga meno, likarudi. Mwingine akataka kucheka, machozi yakamtoka badala yake. Wakatazamana kama vyura kabla ya mvua.

Na mwenye kelele akinyamaza, hufanya nini? Hutazama kazi yake. Vidole vikaanza kuona. Mmoja akatoa kijiwe cheupe, akakiweka kwenye jani. Jirani yake akatoa. Wa tatu akatoa. Kijiwe kikaita kijiwe, kila mmoja akawa na kijilundo chake kama mayai ya mjusi. Hakuna aliyesema "ni vya Mwantumu vile." Nani angesema? Kwa kinywa gani?

Kuelekea mwisho, upepo ukapita. Ukainua kanga ya Mwantumu pale alipoinama. Aliivuta haraka akajifunika. Kila mtu alikuwa na macho yake udongoni, isipokuwa mmoja.

Semeni akaona.

Aliona ule mduara mdogo, mgumu, chini ya kitovu. Semeni alikuwa amezalisha wanawake wengi. Akaona yote kwa mara moja: tumbo, shimo, magoti, mgongo ulioinama, mikono inayofukia. Akashtuka. Na aliposhtuka, koo likamlia: gu!

Akayameza.

Aliyemwona hakuwapo. Akafura mashavu yake matupu hadi mwisho wa kazi, na Binti Jaha alipotoa ruhusa ya kutema, Semeni akatema mate.

Vyungu vikafinyangwa, vikawekwa kivulini kukauka. Siku zote za kukauka, Semeni hakutoka. Kisimani wakamtafuta. "Semeni mgonjwa?" "Mzima." "Ana nini?" "Hasemi." Hebu fikirini: Semeni, hasemi! Alikuwa anasikiliza tumbo lake. Likinguruma, anasema ndicho kiapo. Kichwa kikimgonga, anasema ndicho kiapo. Hakula vizuri, hakulala vizuri. Mlangoni walimpitia na maswali, na jibu la maswali yote analo yeye, limemkaa chini ya ulimi kama kaa la moto, wala halitoi.

Siku ya kuchoma, kijiji kizima kilikuja, hata wanaume. Mhina alisimama nyuma. Vyungu vikapangwa, kuni zikapangwa, nyasi zikafunika. Binti Jaha akainua mwenge.

"Ngoja, Bibi!"

Semeni akajitupa katikati. "Usiwashe! Vitapasuka kwa ajili yangu! Nimemeza mimi!"

"Umemeza nini?"

"Maji! Nimemeza kiapo!" Akalia kwa sauti. "Hirizi sikuiona. Niliona mgongo. Mgongo tu! Mara ya kwanza nilisema nikijua nakisia. Mara ya pili nilisahau kwamba nilikisia. Mara ya tatu ningeapa juu ya msahafu, na ningeapa kwa moyo safi! Wifi yangu, nisamehe. Bibi, niombeeni nisife."

Watu wakaguna. Mmoja akauliza, "Basi alikuwa anafukia nini?"

Semeni akafumba macho. "Nakijua."

"Kiseme!"

"Sisemi."

"We Semeni! Wewe, usiseme?"

"Nimesema siyo yangu hayo! Nikateni ulimi, sisemi!"

Hapo Mwantumu akahisi kitu kikilegea kifuani, kitu kilichokuwa kimekazwa tangu mimba ya kwanza. Huyu aliyekuwa hafungi mlango wa kinywa chake ameuegemea kwa mgongo wake wote, kwa ajili yake. Akasogea, akamshika Semeni mkono, akamwinua. Akasimama wima, akaacha upepo uivute kanga unavyotaka.

Binti Jaha akatazama. Wanawake wakatazama. Mhina akatazama, akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu.

"Mke wangu," akasema Mhina akiwa palepale mavumbini. "Na mimi nikakuuliza."

"Uliuliza," akasema Mwantumu. "Inuka, leta kuni."

"Tumbo limejisema," akasema Binti Jaha, akawasha moto.

Wakangoja. Moto ukashika. Wakangoja pa. Moto ukapanda. Wakangoja pa. Moto ukashuka, ukawa kaa, ukawa jivu, na lile pa halikuja. Binti Jaha akachukua kijiti, akagonga chungu cha kwanza. Ngeee! Akagonga cha pili. Ngeee! Akagonga cha tatu, na wanawake hawakungoja, wakaingia majivuni na vijiti vyao, kila mtu anagonga, ngee, ngee, ngee, mpaka kijiji kizima kikalia kama ngoma ya arusi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wake ndio ule.

Jioni wakabishana. Wengine wakasema, "Ni vijiwe." Wengine wakasema, "Ni Mwenye Shimo; Semeni alipokiri, alituachia." Semeni mwenyewe alishika la pili hadi mwisho wa maisha yake.

Mwantumu akaenda kwa Binti Jaha peke yake. "Bibi, nina neno. Yale maji hayakuwa na kiapo. Nilitia ukwaju, ili yawe na uchachu wawe na hofu."

Binti Jaha akacheka kwa ufizi. "Mwanangu, nimenywa ukwaju kabla mama yako hajazaliwa. Ulimi wangu hauna meno, lakini haujafa."

"Mbona ulinyamaza?"

"Maji nilikuwa nayo kinywani." Akachekelea tena, halafu akatulia. "Nikuambie. Mama yangu alikuwa akisema, 'Udongo ukandwe kimya, Mwenye Shimo hapendi kelele.' Nasi tukaona ni mambo ya wazee. Tukabakiza kutema maji, maana kutema ni kwepesi. Kunyamaza tukakuacha, maana ni kazi."

"Kwa hiyo Mwenye Shimo yupo, au hayupo?"

"Vyungu vimetoka salama au havikutoka?"

"Vimetoka."

"Basi usimtukane. Nenda ukalale, una mtu tumboni."

Tangu siku ile, pale Kwembago, udongo unakandwa na maji kinywani. Wakishatema, husema watakavyo. Watu ni watu.

Mwantumu akajifungua msimu wa kunde. Aliyempokea mtoto ni Semeni. Akamwosha, akamfunga, akamnong'oneza sikioni jambo refu sana, na hilo nalo hakulisema kwa mtu.

Hadithi imefika!

— Imefika, ishushe mzigo!

Chumvi yake chukueni.

— Mboga yake tumekula!

Ulizeni la mwisho.

— Nani yu hai?

Binti Jaha alikufa mwaka uleule, usingizini. Mhina alikufa. Mwantumu alikufa mzee, amezikwa ubavuni pa mumewe, upande wa mashariki wa shimo. Semeni aliwafuata baada ya miaka mingi, akiwa na meno mawili na maneno yote. Aliye hai ni mmoja, yule aliyekuwa tumboni: Zena binti Mhina. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri siku hizi. Lakini mkinong'ona, husogeza kigoda.